Boila Halikulipuka, Naomba Tuelewane

Kabla hujaendelea kusambaza ile voisi ya jamaa yangu fundi friji, inayodai boila la treni yangu ndogo ya mvuke lililipuka, sikiliza na upande wa pili. Boila halikulipuka. Narudia kwa faida ya walioingia kwenye grupu jana usiku: ha-li-ku-li-pu-ka. Liko mezani hapa ninapoandika, zima, halina ufa, halijavimba popote, lilikuwa limejaa masizi na povu lililokaukia, basi. Kilichotokea Jumamosi kwa shangazi yangu kule Magomeni, Mtwara, ni kitu kingine kabisa. Ningependa kusema ni kidogo kuliko kulipuka, ila kwa upande wa heshima yangu pale mtaani, sidhani.

Na ile picha ya mtu mwenye uso mweusi aliyoipiga, ndiyo, ni mimi. Ule weusi si wa kujipaka. Tutafika.

Kichwa chenyewe cha treni wanaonifuata siku nyingi wanakijua tangu kikiwa bomba. Njia ina upana wa milimita 45, uwiano wa 1 kwa 22.5 na treni halisi, kwa sababu reli ya zamani ya huku kwetu, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyokuwa inapanda kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ilikuwa ya upana wa mita moja. Gawa mita moja kwa 22.5, unapata milimita 44 na kidogo. Hiyo nusu iliyobaki hakuna mwenye macho ya kuiona. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962 ikang'olewa, kwa hiyo kwa sasa treni ya mvuke inayotembea mkoani ni yangu, na mwenye nyingine aje tushindane.

Sasa tuje kwenye boila, maana ndilo linalochafuliwa jina.

Mwili ni bomba la shaba nyekundu la milimita 54, unene 1.8, lililotoka kwenye mtambo wa ubaridi wa ghala la samaki uliokwisha kufa. Nililinunua skrepa, kwa kilo. Presha ya kazi ni bar 3. Hesabu yake haina uchawi: presha mara kipenyo, gawanya kwa unene mara mbili. Bar 3 ni niutoni 0.3 kwa kila milimita ya mraba, mara 54, gawanya kwa 3.6, jibu ni 4.5. Shaba iliyolainishwa kwa moto inakatika kwenye 200 hivi. Toa ya joto, toa ya kutu, toa ya fundi asiyelala vizuri, bado unabaki na nafasi ya kutosha kulala na boila chumba kimoja.

Kinachoua boila ni sehemu bapa. Duara linajishikilia lenyewe, bapa linataka kuvimba liwe tumbo. Sahani zangu za mbele na nyuma ni shaba ya milimita 3, zimekunjwa ukingo juu ya kalibu ya mpingo, na kati yake zimepita fimbo za shaba za milimita 4 kuzishikilia zisiachane. Kukunja ukingo ndiko kunakowatoa wengi machozi. Shaba ukiigonga inakomaa. Ikianza kutoa sauti kali chini ya nyundo badala ya ile ya bubu, acha hapo hapo, irudishe motoni mpaka ipate wekundu wa kufifia, itose majini, ndipo uendelee. Ukikaidi, inapasuka konani, na kona ikipasuka hiyo sahani ifanye kisahani cha kikombe. Sehemu za kufungia vali na geji ni shaba iliyochanganywa na bati. Usiweke ile ya njano ya koki za bombani: maji ya moto yanainyonya zinki polepole, inabaki umbo tu, ndani ni sponji.

Halafu kuna suala la kuunga, na hapa ndipo bifu langu na fundi friji lilipoanzia, kwa hiyo mnaosikiliza voisi yake jueni mnasikiliza mtu mwenye kinyongo. Yeye alitaka nitumie fimbo zake za kuungia mabomba ya friji, zile zenye fosforasi. Kwa friji ni nzuri sana, zinajisafishia shaba zenyewe bila dawa. Mimi naunguza makaa ya mawe, na moshi wa makaa ya mawe una salfa, na salfa ikikutana na kiungo chenye fosforasi kwenye joto inakila taratibu mpaka kinavuja. Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Kumbe iliniponza.

Nikaagiza Dar fimbo za silva ya asilimia 55, ambazo zinaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 630 na kumalizikia 660. Risasi ya mafundi redio inayeyuka nyuzi 183, na kuna wanaosema inatosha, kwani maji kwenye bar 3 yanachemka nyuzi 144 tu. Inatosha mpaka siku maji yatakaposhuka chini ya paa la tanuri, kile chumba cha moto. Paa lisilo na maji juu yake halina wa kulipoza, na moto hauulizi uliungwa na nini. Kusafisha baada ya kuunga nilitumia unga wa ndimu kwenye maji ya vuguvugu. Boila likakaa humo usiku kucha, asubuhi likatoka na rangi ya waridi.

Nililipima kwa maji, bar 6, mara mbili ya presha ya kazi, nusu saa, sindano haikutikisika. Kwa maji, siyo kwa upepo wa kompresa, nawaomba sana. Maji hayabanwi, kiungo kikiachia unapata tone na aibu ndogo. Upepo uliobanwa ukiachia, anayepata taarifa ni familia. Kipimo cha mwisho ni cha mvuke: moto mkali, kipulizio (kimrija cha mvuke cha kuchochea moto) wazi, koki kuu ya kupeleka mvuke kwenye pistoni imefungwa, halafu unaangalia kama vali ya usalama peke yake inaweza kuzuia presha isizidi asilimia 10 juu ya ile ya kazi. Yaani kwangu isipite bar 3.3. Hicho kipimo nilikuwa nimepanga kukirudia wiki ijayo, kwa utulivu, peke yangu, nyuma ya ukuta wa matofali.

Kikajifanya chenyewe, katikati ya kikao cha kikoba.

Ilikuwa hivi. Mtwara nzima mimi ninayemjua mwenye sakafu ya saruji iliyonyooka ni shangazi. Baraza lake ukiweka pima-maji, povu linakaa katikati. Treni ya ukubwa huu inaona mwinuko ambao mguu wako hauuoni: sentimita moja ndani ya mita moja, tayari ni mlima. Nikaenda mapema nikatandika duara langu la upana wa mita 3 na ushei, reli za bapa ya alumini juu ya vibanzi vya mbao.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hicho kitu kina gesi?"

"Hakina gesi, ni maji na moto tu."

"Afadhali. Mimi gesi naiogopa. Ila saa kumi wanakuja wenzangu, uwe umetoa."

Saa kumi nilikuwa na bar 2 ndio zinapanda. Mwenye boila anajua, huwezi kumwambia mvuke usubiri. Nikaomba niachwe nizungushe kidogo. Wakaja kina mama nane, sare za vitenge, wakaingia kwenye kivuli, na kivuli chote kilikuwa katikati ya duara langu. Wakatandika mkeka humo humo. Sanduku katikati, katibu na daftari lake, mweka hazina na mfuko. Mimi nje nimechuchumaa, treni inawazunguka taratibu, pu-pu-pu-pu. Nawaambia ukweli, kwa dakika kumi za kwanza nilipendwa. Mama Hadija alipiga kigelegele. Mwenyekiti ndiye aliyetoa wazo, na nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu: yeye ndiye aliyesema treni ibebe daftari na mfuko wa hisa, ipite kwa kila mwanachama, atie hisa yake, asaini, iende kwa mwingine.

Wazo tamu mno. Nikafunga behewa bapa nyuma ya kichwa, daftari likawekwa juu yake limefunguliwa ukurasa wa mikopo na marejesho. Kumbukeni hilo daftari lilikuwa wazi.

Kwa wasiojua moto wa boila dogo unavyoishi: treni ikitembea, mvuke uliokwisha kusukuma pistoni unatokea kwenye bomba la moshi, na ukipanda unavuta hewa kupitia kwenye moto. Treni ikisimama, hakuna mvuto, moto unasinzia. Kuna kipulizio, kimrija cha mvuke kinachopiga moja kwa moja kwenda juu ya bomba la moshi, lakini hicho kinakula mvuke ule ule unaoutafuta. Boila langu lote linabeba robo lita ya maji kwenye robo tatu ya kioo cha kuonyeshea maji. Sasa simama kwa mama wa kwanza anayehesabu noti. Simama kwa wa pili anayetafuta miwani. Simama kwa wa tatu ambaye hisa yake iko na mtoto, na mtoto katumwa dukani. Nilipofika kwa wa tano sindano ilikuwa kwenye 1.5 na inaangalia chini.

Makaa ya mawe yalikuwa yameisha. Yangu huwa naokota yaliyodondoka kwenye malori yanayoleta ya Ngaka bandarini, nayapondaponda na kuchekecha yabaki ukubwa wa punje za mahindi. Yaliyokuwapo yote nilishayatumia kwa maringo ya dakika kumi za kwanza. Mkaa wa kawaida kwenye tanuri la milimita 40 kwa 50 unakufa haraka kuliko unavyoongeza. Kando ya baraza palikuwa na kiroba cha maganda ya korosho, ya kuwashia jiko la nje.

Najua. Mmeshaanza. Wa Newala naona mmeshashika vichwa.

Lakini fikirini kihandisi. Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake kuna vitundu vimejaa mafuta. Mafuta hayo yanawaka kwa hasira, joto lake kwa kilo linashinda kuni za kawaida. Kihesabu nilikuwa sahihi na ninaendelea kuwa sahihi. Nikachota konzi moja kwa mkono mtupu, nikatia kwenye tanuri, nikafunga kimlango.

Wakati huo huo kioo cha maji kilikuwa kinaonyesha robo. Nikamwambia binti wa shangazi aniletee dumu la maji ya mvua niongeze kwenye tenda, kile kigari cha maji. Maji ya mvua, kwa sababu visima vyetu vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake yana chokaa, na chokaa ikiganda juu ya mabomba ya moto, joto halipiti. Akaleta dumu la njano la lita 5. Kikoba hiki mradi wake ni sabuni ya maji. Yamejaa madumu ya njano ya lita 5 nyumba nzima. Alilolileta lilikuwa limesuuzwa mara moja, kwa haraka, na mtu aliyeamini kusuuza mara moja kunatosha.

Nikapiga pampu ya mkono. Moja, mbili, tatu, mpaka kioo kikajaa kitu cheupe.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo wote mnapotaka kunisikia.

Kwanza moshi. Haukuwa mweusi mwanzoni, ulikuwa wa njano-kahawia, mzito, ukatoka kwenye bomba la moshi ukashuka badala ya kupanda, ukaingia kwenye duara. Mweka hazina akainua pua. Huyu mama amebangua korosho maisha yake yote, vidole vyake vina weusi ambao haujatoka tangu ujana. Akasema kwa utulivu kabisa, "Nani anachoma maganda?" Hakuna aliyemjibu kwa sababu tayari watu walikuwa wanakohoa. Moshi wa maganda unawasha macho, unawasha koo, na una kamafuta kanakokaa juu ya ngozi.

Pili sindano. Moja na nusu. Mbili. Mbili na nusu. Sijawahi kuiona ikitembea hivyo, ilikuwa inapanda kwa macho. Nikasema moyoni, safi, tumepona. Tatu. Vali ya usalama ikafunguka, fyuuuuuu, na hapo mama wawili wakajitupa chini na mmoja akasema "La ilaha ila Allah". Jamani, vali ya usalama inapolia ndiyo inawaambia mko salama! Nilijaribu kulitamka hilo. Mbele ya moshi ule lilitoka kikohozi.

Tatu, mimi. Dawa ya presha iliyozidi ni kuitumia: ongeza maji, fungua koki kuu, mwache farasi akimbie. Nikafungua. Treni ikaruka. Na kila mvuke ulivyotoka kwa nguvu ndivyo ulivyovuta hewa kwa nguvu kupitia kwenye moto, na maganda yakafanya sherehe. Nikanyoosha mkono kuirudisha koki nyuma kidogo. Koki iko ndani ya kibanda cha dereva, juu ya kimlango cha tanuri. Kimlango kikawa kimefunguka kwa mtikisiko, na ulimi wa moto ulikuwa umejaa kibanda kizima, unatokea hata dirishani. Nikarudisha mkono. Nikaenda tena. Nikarudisha. Wanaosema nilikuwa nacheza ngoma, nilikuwa nafukuzana na kichwa cha treni nimechuchumaa, mkono mmoja mbele, kanga ya shangazi begani, na kikoba kizima katikati hakina pa kutokea kwa sababu njia imewazunguka.

Nne, sabuni. Maji safi yakichemka, mapovu yanapasuka yakifika juu, mvuke unatoka mkavu. Tia sabuni kidogo tu, mapovu yanakataa kupasuka, yanapandana, yanajaza nafasi yote ya mvuke mpaka mlangoni kwa koki kuu, na boila linaanza kutapika maji kwenye silinda. Maji kwenye silinda ni hatari, hayabanwi, pistoni ikiyagonga kitu lazima kiachie. Nashukuru vali zangu ni za kuteleza, bapa juu ya bapa. Maji yakizidi zinajiinua kidogo yanapita. Ningekuwa na vali za pistoni leo ningekuwa nanyoosha fimbo. Kwa hiyo maji yakapita. Njiani yakazoa oili ya silinda, ile nzito namba 460 ambayo kilainishi huwa kinaingiza tone kwa tone, yakazoa na masizi ya maganda kwenye kisanduku cha moshi, yakapanda kwenye bomba la moshi yakiwa kitu kimoja cheusi, chenye povu, cha moto.

Bomba la moshi likatema. Tui la mkaa, ndilo neno. Likatema juu, na kwa kuwa treni ilikuwa inakimbia mbele, likaangukia nyuma. Nyuma kulikuwa na behewa. Juu ya behewa kulikuwa na daftari. Nililiona tone la kwanza likitua kwenye ukurasa, nikaliona likitanuka. La pili likaangukia mfuko wa hisa. La tatu lilikuwa langu, usoni, kwa sababu nilikuwa nimeinama kuliokoa daftari.

Mzunguko. Tema. Mzunguko. Tema. Mama Hadija anainua miguu kila treni inapopita kwake. Mwenyekiti anasema "Simamisha! Simamisha!" na mimi nasema "Namaliziaaa!" sijui kwa nini.

Binti wa shangazi akaja mbio na ndoo ya maji. Mweka hazina akapiga ukelele ambao vali ya usalama haikuuweza: "Usimwage maji! Hayo ni maganda!" Maana moto wa mafuta ukiumwagia maji unarusha mafuta. Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri, akachukua karai la zege lililokuwa limeegemea ukuta, akasubiri treni imfikie, akaifunika. Pwa. Kichwa, tenda, kila kitu. Akakalia.

Yaani mwenye kukaanga korosho hafundishwi moto na mtu wa YouTube. Bila hewa moto ukafa. Chini ya karai ikabaki inasikika fyuuu ya vali, ikapungua, ikakoma. Nilipoinua baadaye, sindano ya kuonyesha presha ya juu kabisa iliyofikiwa ilikuwa imebaki kwenye 3.2. Chini ya 3.3! Moto wa maganda, kipulizio wazi, halafu asilimia 7 tu juu. Hakuna kipimo bora kuliko hicho, na kina mashahidi nane. Nikawaambia. Hawakupiga makofi.

Mengine kwa ufupi. Nilitozwa faini ya kelele kikaoni, 1,000, na ya kuharibu mali ya kikundi, 5,000, katiba yao inaruhusu hata kwa asiye mwanachama, nilionyeshwa kifungu. Noti zilioshwa na sabuni yao wenyewe zikaanikwa kwenye kamba. Nimenunua daftari jipya, kaunta buku, jalada gumu. Fundi friji alikuwa anapita na bodaboda, akapiga ile picha, akaenda zake kurekodi.

Tatizo ni lile daftari la zamani. Oili ya 460 ikiingia kwenye karatasi haikauki, inaifanya ing'ae ipitishe mwanga. Katibu akiinua ukurasa juani anaona maandishi ya upande huu na ya upande wa pili kwa pamoja, yamelaliana, ya upande wa pili yamegeuka kinyume. Kuna mahali 7 imekuwa kitu ambacho hakuna anayeweza kukisoma. Na doa kubwa kuliko yote limekaa juu ya mkopo wa Mama Hadija, pembeni kushoto, juu ya tarakimu ya kwanza tu. Kitabu cha kumbukumbu za katibu kichwani kinasema 120,000. Karatasi inasema doa, halafu 20,000. Mama Hadija anasema yeye ni mtu wa karatasi. Kikao cha dharura ni Jumatano, nimeitwa kama shahidi, na nimeambiwa nije bila mzigo wowote.

Uso nao umeanza kubabuka kwenye paji na kidevu, ni yale mafuta ya maganda. Nilijifuta kwa mkono ule ule niliochotea. Mweka hazina ameniletea mafuta ya nazi na majivu, akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa upande wa mashine, nimelitoa boila, nimelisuuza kwa maji ya moto mara nyingi mpaka nikilitikisa na kulimwaga halitoi povu, nikapitisha brashi kwenye mabomba yote saba ya moto. Lami ya maganda ni ngumu kutoka kuliko masizi ya makaa, inataka mafuta ya taa na subira. Silinda nazo nimezifungua, mafuta yote ya zamani nje, mapya ndani. Nimenunua dumu la bluu.

Kilichovunjika kweli ni kioo cha maji, kilipigwa na karai. Kwa hiyo natafuta mrija wa kioo wa kuhimili joto, kipenyo cha nje milimita 5, urefu sentimita 6 unatosha, hata kipande cha maabara. Mwenye nao Mtwara au Lindi aje inboksi, nauli ya bodaboda juu yangu. Maganda ya korosho yapo kiroba kizima, nagawa bure.